Muuguzi Asiyeitikia Salamu

Mgeni afikapo Mantapala haambiwi kwanza habari za ziwa wala za samaki. Huambiwa kwamba pale kituoni yuko mama mmoja muuguzi ambaye ukimsalimu huenda asiitikie, na kwamba mgeni asije akaona vibaya. Hata mkubwa mmoja wa serikali aliwahi kumsalimu mara mbili, akiwa amesimama mlangoni na ujumbe wake, naye mama huyo akainua kidole kimoja juu kama mwalimu anyamazishavyo darasa, asigeuke. Wapo wanaosema hicho ni kiburi. Wengine husema ndivyo walivyo wauguzi wote siku hizi, na hapo ndipo mazungumzo yanapopamba moto, kwani kila mtu ana kisa chake cha muuguzi.

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu, nilikaa Mantapala siku nne kwa shughuli za ofisi, nikapata nafasi ya kuketi na mama huyo kila alipomaliza zamu. Jina lake sitalitaja, maana ndivyo alivyotaka. Alisema mtumishi akisema kweli gazetini hulazimika kuieleza tena kwa barua, nakala tatu.

Kwa wasiopafahamu, Mantapala iko katika Wilaya ya Nchelenge, Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, upande wa Ziwa Mweru ambalo ng'ambo yake ni Kongo. Makazi hayo ya wakimbizi yalifunguliwa mwaka 2018, baada ya maelfu ya watu kuvuka mpaka tangu Agosti 2017 wakikimbia mapigano katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika. Kwanza walipokewa katika kambi ya muda ya Kenani. Wengi wao huzungumza Kiswahili, kile cha Katanga, na wenyeji wao husema Kibemba. Mkimbizi na mwenyeji huketi benchi moja wakingoja kutibiwa, kwa hiyo muuguzi wa hapo hana budi kufungua lugha mbili kabla hajafungua kabati la dawa.

Tuanze na hiyo salamu. Wanaosema mama huyu anaringa hawajamwona akiwa nje ya kazi. Huko husalimia kupita kiasi, kwa Kibemba kisha kwa Kiswahili, akauliza wazee, watoto, shamba na nyavu, hata mtu akasahau alikokuwa akienda. Akiwa kazini, saa yake ameining'iniza kifuani, kichwa chini miguu juu, ili aisome akiinama. Na akiinama juu ya mtoto mwenye kikohozi, ujue anahesabu pumzi. Huhesabu dakika nzima. Hakubali ile njia ya mkato ya kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili, kwa sababu mtoto mchanga hapumui kwa mpangilio mmoja. Huenda mbio, akatulia, akaenda mbio tena.

Hesabu yenyewe si siri, na kila mama mwenye mtoto mdogo yafaa aijue. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 mwenye kikohozi akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, au mwenye umri wa mwaka 1 hadi 5 akivuta mara 40 au zaidi, hiyo ni dalili ya nimonia, na asikae nyumbani kungoja kesho. "Pumzi 46 na pumzi 52 ukizitazama kwa macho ni sawasawa," aliniambia. "Tofauti yake iko katika kuhesabu tu. Sasa mtu ananisalimu nikiwa nimefika 31. Nikiitikia nimepotea, nianze upya, na mtoto naye amekwisha anza kulia, na mtoto anayelia hahesabiki. Yule mkubwa alikuwa mzima. Angeweza kungoja."

Kituko chake cha pili ni kidole. Mgonjwa akieleza maumivu yake, hata aeleze vizuri namna gani, mama humwambia aonyeshe mahali kwa kidole kimoja. Asionyeshe kwa kiganja wala kwa mikono miwili. Vijana humwigiza njiani kwa kicheko. Lakini sikilizeni sababu. Mtu wa Katanga husema "moyo inaniluma", yaani moyo unaniuma. Huyu atagusa kifua upande wa kushoto. Yule atagusa chembe cha moyo, pale mbavu zinapokutana, na aghalabu shida yake imo tumboni. Wa tatu hatagusa popote. Ataupitisha mkono hewani mbele yake, na hapo mama huweka vipimo kando akavuta kiti, maana moyo wa namna hiyo ni wa mtu aliyeacha nyumba, shamba na makaburi ng'ambo ya pili. Neno lilikuwa moja kwa watu watatu, na kila mmoja alihitaji tiba yake.

Kwa sababu hiyohiyo hataki mtoto awe mkalimani wa mama yake. Katika nyumba nyingi za wakimbizi watoto ndio wajuao Kibemba, kwa kuwa wamekipata shuleni na uwanjani, na wazazi huwatuma wasemee nyumba nzima. Mama huyu huwatoa nje. "Mtoto wa miaka kumi akiagizwa anieleze habari za damu ya mama yake, ama ataona haya ayaruke maneno, ama atayaelewa. Yote mawili sitaki." Basi akaamua kujifunza Kiswahili mwenyewe kutoka kwa wagonjwa, akiandika maneno katika kijidaftari anachokiweka mfukoni. Kiswahili chake kina Kibemba ndani yake na Katanga juu yake. Hapa nimekipanga kidogo ili Bwana Mhariri asinirudishie.

Wagonjwa nao humwita munganga, neno ambalo katika Kiswahili cha Kongo hutumika kwa daktari na kwa muuguzi pia. Yeye husahihisha kila mara, hata mgonjwa akiwa mahututi: "Mimi ni muuguzi." Nilidhani ni unyenyekevu. La hasha, ni majivuno ya namna yake. Hapendi watu wadhani kwamba muuguzi ni daktari aliyeshindwa mtihani. Daktari, asema, huja, hutazama, huamua, huondoka. Anayebaki na mgonjwa saa tisa za usiku ni mwingine, na kazi ya kubaki ina elimu yake.

Kuhusu malaria ana ukaidi mkubwa zaidi, na katika wilaya ile nadhani ni haki yake. Nchelenge ni mojawapo ya sehemu za Zambia zenye malaria nyingi mno, na wachunguzi waliopima damu huko miaka nenda miaka rudi wamekuta vimelea hata kwa watoto wanaocheza bila dalili ya ugonjwa. Zambia iliamua tangu mwaka 2002 kutumia dawa mseto ya artemeta na lumefantrini kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali. Mtu mzima humeza vidonge 24 kwa siku 3, vinne kila mara, mara sita. Mama huyu huuliza kwanza mgonjwa amekula nini, kwa sababu dawa hiyo huingia mwilini vizuri ikifuatana na chakula chenye mafuta kidogo. Kisha dozi ya kwanza hutaka imezwe mbele ya macho yake, na mgonjwa akae kitako asubiri, asije akaitapika njiani. Na siku ya nne humtaka mgonjwa arudishe pakiti tupu. Pakiti tupu! Anazo boksi zima. Watu husema anazikusanya auze. Ukweli ni kwamba siku ya pili homa hupungua, mtu akajiona amepona, akavificha vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mtoto atakayeugua mwezi ujao. Tangu aanze kudai pakiti, wachache huthubutu.

Ameshawahi kwenda ufukoni mwenyewe akakuta chandarua cha mbu kikivulia chisense, wale dagaa wa Mweru. Hakugombana. Alimwuliza mwenye nyavu idadi ya watoto wake na mahali wanapolala, akaandika, akaondoka. Kuandika kwake kunaogopwa kuliko maneno.

Tukubaliane lakini kwamba si kila kituko kina hekima nyuma yake. Kalamu yake ameifunga kwa uzi kwenye mfuko wa sare, jambo ambalo sisi wa maofisini tunalielewa kabisa. Sare huipiga pasi ya mkaa mara mbili, jioni na alfajiri, ingawa haikunjamani usiku ikiwa imetundikwa. Na mtu yeyote akitamka kazini kwamba "leo pametulia", humfukuza nje azunguke jengo kabla ya kurudi. Anaamini kabisa kwamba neno hilo huleta wagonjwa. Mwanamke anayehesabu pumzi kwa saa anaamini jambo hilo! Nilipomwuliza sababu alicheka tu, akasema wauguzi wote duniani wanaamini hivyo, nenda popote ukaulize.

Sasa maoni yake juu ya kazi yenyewe. Haya aliyasema bila kuzungusha.

Neno asilolipenda kuliko yote ni "wito". Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, hotuba husema uuguzi ni wito, na makofi yakapigwa. "Nawe mwalimu walikuambia hivyohivyo chuoni," alinigeukia. "Je, wito uliwahi kukulipia kodi ya nyumba?" Kwa maoni yake neno hilo hutolewa pale ambapo ilipasa itolewe nyumba ya mtumishi, glavu, au mtu wa pili wa zamu. Siku hiyo ni ya kuzaliwa kwake Florence Nightingale, mwaka 1820, naye mama huyu ana ugomvi na picha ya bibi huyo akiwa ameshika taa. Kwamba alizunguka usiku kati ya majeruhi wa vita vya Krimea, baada ya kufika Scutari mwaka 1854, ni kweli. Lakini bibi huyohuyo alihesabu maiti, akapanga takwimu, akawaonyesha wakubwa wa jeshi la Uingereza kwamba askari wengi walikufa kwa maradhi kuliko kwa majeraha, na mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kupokewa katika Chama cha Takwimu cha London. "Wametuchorea taa," alisema, "wakaliacha daftari. Taa haigharimu kitu. Daftari huuliza maswali."

Daftari kwake ndiyo nusu ya uuguzi, na katika jambo hili hana huruma kwa wauguzi vijana. Amepiga marufuku maneno "hali inaendelea vizuri" katika taarifa ya zamu. Vizuri kwa kipimo gani? Andika mapigo, andika joto, andika saa, weka sahihi. Mimi niliyefundishwa rejista ya mahudhurio kwa fimbo ya macho ya mkufunzi nilimwelewa, lakini sikuwa nimeelewa uzito wake mpaka aliponisimulia kisa hiki.

Ilikuwa zamani, kabla ya Mantapala, katika zahanati nyingine mbali na ziwa. Alifika zamu ya usiku saa mbili kamili. Mama mmoja alikuwa amejifungua saa moja, mtoto mzima, kondo la nyuma limetoka, naye yuko kitandani anazungumza na dada yake na kucheka. Msichana aliyekuwa akimaliza zamu alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani, lakini alikuwa ameandika. Saa moja na robo, mapigo 84. Saa moja na nusu, 92. Saa mbili kasorobo, 104. Shinikizo la damu sawasawa mara zote tatu. Mama akaisoma safu ile ya mapigo toka juu kwenda chini, akamshika mzazi mkono, akahesabu dakika nzima: 118. Akamfunua. Damu ilikuwa ikichuruzika polepole bila kishindo, ikinywewa na kitenge na godoro, hata mtu aliyesimama mlangoni asingeona kitu. Mtu anayepoteza damu, alinieleza, mapigo yake hupanda kwanza. Shinikizo huweza kukaa mahali pake kwa muda likidanganya, halafu huporomoka kwa ghafula, na likiporomoka umekwisha chelewa.

Alimsugua tumbo mpaka mfuko wa uzazi ukakaza, akamdunga oksitosini, akamwekea dripu, akatuma mtu kutafuta gari. Gari lilifika baada ya saa nyingi. Muda wote huo hakumruhusu mzazi yule kusinzia. Kila robo saa alimsugua, akampima, akamwuliza jina lake na jina la mtoto. Mgonjwa alilia akiomba aachwe apumzike. Akafika hospitali yu hai, na yu hai mpaka leo. Na mpaka leo, asema mama kwa kucheka, huwasimulia watu habari za nesi mmoja mkali asiye na roho aliyemnyima usingizi usiku wa kujifungua.

Nilitaka kisa hicho kimtetee muuguzi kila mahali, lakini mwenyewe hakukubali. Asema wazi kwamba ukali mwingine hauna dripu ndani yake. Wapo wauguzi wanaowapigia kelele akina mama wanaojifungua, wanaowatukana, hata wanaowapiga makofi mapajani, naye amewaona kwa macho. Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko mwaka 2014 kulaani mambo ya namna hiyo katika vituo vya uzazi, na halikuwa likizungumzia nchi moja. Chanzo chake, kwa maoni yake, ni hofu. Muuguzi mmoja akiwa na wazazi watatu na mikono miwili huogopa, na aliyevaa sare haruhusiwi kuonyesha woga, basi hutoka kwa sura ya ukali. Dawa yake ni kwamba mkubwa wa zamu amtoe nje dakika kumi, anywe maji, anawe uso.

Hapa nilimpinga. Nilisema dakika kumi hazimtoshi aliyempiga mama mwenye uchungu. Mama yule mimba ijayo atazalia nyumbani, na pengine hatapona. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema ni kweli, apewe dakika kumi, halafu apewe na barua. Mimi bado naona barua ingetangulia.

Jambo lililomkasirisha kuliko yote ni habari ya upungufu wa wauguzi. Nilimsomea takwimu nilizokuwa nazo: kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2025, dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 mwaka 2023, na pengo la milioni 5.8. Akaniuliza kama hesabu hiyo inamwambia msomaji kwamba katika nchi nyingi za kwetu wapo wauguzi waliofuzu, wenye vyeti na sare, wanaouza vitumbua kwa kukosa kuajiriwa. Zambia ilipotangaza nafasi mwaka 2022 iliajiri watumishi wa afya 11,276 kwa mkupuo mmoja, na wote hao hawakushuka kutoka mbinguni, walikuwapo, wakingoja. "Basi usiseme hakuna wauguzi," alisema. "Sema hakuna mishahara ya wauguzi."

Wenzake kadhaa wa darasa lake walikwenda Uingereza miaka ile ya mwanzo wa karne. Hawalaumu. Kenya ilifikia hatua ya kutia sahihi mapatano na Uingereza mwaka 2021 ili wauguzi wake waende kwa utaratibu, na Zambia mwaka 2023 iliingizwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 55 ambazo hazipasi kuchukuliwa watumishi wao wa afya ovyo. Kwake orodha ni karatasi. Anachotaka ni kwamba nchi inayochukua muuguzi mmoja ilipie masomo ya wawili. Kuhusu wanaume katika uuguzi alisema maneno machache tu: waje, nao wasidhani wamekuja kuwa wakubwa wa zamu. Wakongo wa Mantapala wala hawaoni ajabu, kwa maana kwao mwanamume kuwa muuguzi ni jambo la kawaida.

Binti yake wa mwisho ameomba nafasi katika chuo cha uuguzi. Nilimwuliza kama yeye ndiye aliyemshauri. Akasema hakumshauri wala hakumkataza. Alimtaka tu akeshe usiku mmoja na bibi yake aliyekuwa na homa, na kila nusu saa aandike alichokiona. Asubuhi akalisoma daftari. Mistari mitano ya kwanza ilikuwa na saa, joto na mapigo. Wa sita ulisema bibi amelala vizuri. Mama akapiga mstari mwekundu chini ya neno "vizuri", akamrudishia binti daftari lake, akaenda kumlipia ada ya maombi.